Msituni Miti Hugawana Bila Kugawiana

Mwalimu wa lugha akikosolewa na mwalimu wa sayansi, aghalabu hujitetea kwa kudai kwamba lugha ina uhuru wake. Mimi nilijaribu utetezi huo ukanishinda. Kisa chenyewe nitakisimulia hapa kwa kuwa kinawahusu walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao, na kwa kuwa kosa lililomo ndani yake si langu peke yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuandika kifungu cha ufahamu cha kutumiwa na wanafunzi wa kidato cha pili. Nikachagua habari za msitu. Nilikuwa nimesoma, kama walivyosoma wengi, kwamba miti huunganishwa chini ya ardhi na nyuzi nyembamba za kuvu, na kwamba kupitia nyuzi hizo mti ulioshiba huupelekea chakula mti wenye njaa. Basi kalamu ikanichukua. Nikaandika kwamba miti mikubwa ni akina mama wenye huruma wanaowanyonyesha wachanga waliowazunguka, kwamba msituni miti hugawana kila kitu, na kwamba huko hakuna alalaye njaa. Mwishoni nikaweka swali la alama nne: "Miti inatufunza nini kuhusu upendo?"

Kifungu kikasomwa, nami nikajisahau. Hadi siku moja, katika warsha ya walimu, mama mmoja akainua mkono. Alikuwa mwalimu wa baiolojia aliyetwikwa vipindi vya Kiswahili kwa sababu ya uhaba wa walimu shuleni kwake.

"Daktari, niwie radhi," alisema. "Kifungu chako kinasomeka vizuri sana. Lakini tulipowapeleka wanafunzi ziara katika msitu wa Kakamega, kijana mmoja aliona chini ya mti mkubwa miche mingi ya mti ule ule, na karibu yote imenyauka. Akaniuliza, 'Mwalimu, kama mama huwanyonyesha wanawe, mbona hawa wamekufa?' Sikuwa na jibu. Wewe unalo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, ingawa si kwa furaha. Nikaeleza kwamba nilitumia tashihisi, na kwamba tashihisi ni pambo la lugha ambalo halipaswi kushikwa neno kwa neno.

"Tashihisi naielewa, Daktari," akanijibu kwa upole. "Ila kijana huyu akija kwenye mtihani wangu wa baiolojia akaandika kwamba miti hugawana chakula kwa upendo, nimpe alama ngapi?"

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Kilichonizuia si aibu tu. Ni lile neno "hugawana". Nilikuwa nimelitumia bila kulipima, ilhali mimi ni mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya kuyapima maneno.

Kiswahili kina mzizi mmoja, -gaw-, uliozaa ukoo mkubwa wa vitenzi. Kugawa ni kutoa mafungu. Kugawia ni kumpa mtu fungu lake. Kugawanya ni kukikata kitu kimoja kiwe vipande. Kisha kuna ndugu wawili wanaofanana kiasi cha kuwachanganya hata wenyeji wao: kugawana na kugawiana. Watu wakigawana, kuna kitu kilicho mbele yao na kila mmoja anatwaa sehemu yake. Wakigawiana, kila mmoja anampa mwenzake sehemu ya kile kilicho chake. Kinachovitenga vitenzi hivi viwili ni irabu moja tu, ile i ya kauli ya kutendea. Lakini kimaana vimeachana mbali. Wezi hugawana. Warithi hugawana, na mara nyingi huku wamenuniana. Majirani wema hugawiana.

Swali basi likawa hili: miti msituni hugawana, ama hugawiana? Nilianza kuwauliza wenzangu wa idara ya botania na kusoma walichonielekeza. Nilichokipata ndicho nitakacho kukieleza. Lakini sina budi kuanzia nyumbani, maana sehemu ya kwanza ya jibu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nikiwa mtoto, nisiitambue.

Mwaka 1988, nikiwa darasa la tatu, marehemu baba alipata kipande cha ekari mbili kilichopakana na msitu wa Kakamega. Wasomaji wengi wanajua kwamba msitu huo ndio mabaki ya pekee nchini Kenya ya ule msitu mkuu wa mvua unaotanda kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo. Shamba letu lilikuwa bado na visiki. Udongo wake wa juu ulikuwa mweusi na laini, na baba aliuchota kwa mkono akaunusa. "Hapa hata ukipanda jiwe litaota," alituambia.

Mavuno ya kwanza yalimthibitishia maneno yake. Mahindi yalimzidi kimo, ghala likafurika, akanunua baiskeli. Kufikia mwaka wa nne, mahindi yalinifika mimi mabegani. Mwaka wa saba mimea michanga ilichipuka ikiwa na majani yenye kingo za rangi ya zambarau, na ile iliyojikokota hadi kukua ikageuka manjano kabla ya kubeba. Baba alimlaumu aliyemuuzia mbegu. Baadaye akamlaumu jirani, na nyumba mbili zikakaa muda mrefu bila kusalimiana. Udongo hakuulaumu kamwe, kwa kuwa aliwahi kuushika kwa mkono wake mwenyewe.

Leo najua kwamba majani ya mahindi yakigeuka zambarau, mara nyingi yanalilia fosforasi, na yakigeuka manjano kuanzia yale ya chini, yanalilia naitrojeni. Najua pia kwamba baba alikuwa ameamini jambo linaloaminiwa na wengi, kwamba msitu ni mnene kwa sababu udongo wake ni tajiri. Katika sehemu kubwa ya misitu ya tropiki, mambo ni kinyume cha hayo.

Udongo mwingi wa tropiki ni mkongwe mno. Umepigwa na mvua na joto kwa muda usiohesabika. Maji yamekwisha kuosha sehemu kubwa ya kalsiamu, potasiamu na magnesi iliyokuwamo. Kilichobaki kwa wingi ni chuma na alumini, ambazo huupa udongo wekundu wake na kuishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mmea huona taabu kuibandua. Magharibi mwa Kenya wakulima wanaijua hali hii vyema, hata kama hawajui jina lake, kila wanapotoa fedha kununua gunia la DAP. Utajiri wa msitu wa namna hiyo kwa sehemu kubwa umo katika miili ya miti yenyewe na katika lile zulia la majani yanayooza chini yake. Ni kama mali ya mfanyabiashara asiye na akiba: fedha zake zote zimo katika mzunguko, na biashara ikisimama siku moja, hana kitu.

Mzunguko huo hubana kiasi gani? Mwaka 1978 Nellie Stark na Carl Jordan walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya karibu na San Carlos de Río Negro, kusini mwa Venezuela, penye udongo maskini sana. Huko mizizi midogo hutanda juu ya ardhi kama mkeka. Watafiti hao walinyunyizia juu ya mkeka ule kalsiamu na fosforasi zilizotiwa alama ya mnururisho ili ziweze kufuatiliwa kwa vyombo. Asilimia 99.9 ya vile virutubisho ilinaswa papo hapo. Moja tu katika kila elfu ndiyo iliyopenya ikaenda chini.

Hata hivyo hakuna msitu unaojitosheleza kabisa. Maji ya mvua na mafuriko huiba kidogo kidogo, na kile kinachopotea sharti kirudishwe na kitu fulani. Watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walikadiria mwaka 2015 kwamba vumbi linalopeperushwa kutoka jangwa la Sahara, hasa kutoka bonde la Bodélé nchini Chad, hulipelekea bonde la Amazon takriban tani 22,000 za fosforasi kila mwaka. Kiasi hicho kinakaribiana na kile kinachopotea huko. Jangwa la Afrika linaurutubisha msitu wa Amerika ya Kusini bila ya mmoja kumjua mwenzake.

Niliposoma habari za ule mkeka wa mizizi ndipo nilipomwelewa baba. Alipofyeka na kuchoma, majivu yalitoa kwa mara moja kile ambacho msitu ulikuwa ukikizungusha miaka na miaka. Mahindi ya kwanza yakala karamu. Kilichosalia kilichukuliwa na mvua, na kingine kilitoka shambani ndani ya kila gunia tulilolipeleka sokoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la msitu ni mizizi yake pamoja na viumbe vinavyoishi nayo, na daftari hilo baba alilichoma siku ya kwanza. Hakuwa peke yake. Watafiti waliolinganisha mashamba yaliyokatwa kutoka misitu ya Nandi na Kakamega kwa nyakati tofauti, mengine yakiwa yamelimwa kwa karibu karne nzima, walikuta kwamba rutuba na mazao hupungua kadiri shamba linavyozeeka.

Kama mali ni haba na walaji ni wengi, hao walaji wanaishije pamoja? Hapa ndipo swali langu la vitenzi linapoanza kupata jibu, na jibu lenyewe limetafutwa kwa bidii zaidi nchini Panama.

Huko kuna kisiwa kiitwacho Barro Colorado. Zamani kilikuwa kilima cha kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 20 mto Chagres ulizibwa kwa ajili ya mfereji wa Panama, maji yakapanda, kilima kikawa kisiwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Stephen Hubbell na Robin Foster walianza kupima eneo la hekta 50 katika msitu wa kisiwa hicho na kuuandikisha kila mti uliomo, hata wenye unene wa sentimita moja tu. Walipata zaidi ya miti 200,000 ya aina takriban 300, na tangu wakati huo hesabu hiyo hurudiwa kila baada ya miaka michache. Hebu fikiria, msomaji: eneo linaloweza kuwa shamba la mtu mmoja mwenye uwezo lina aina 300 za miti, zote zikitaka mwanga ule ule, maji yale yale, na virutubisho vile vile. Kwa nini mmoja asiwashinde wengine wote?

Sehemu ya jibu imo udongoni. Mwaka 2007 Robert John na wenzake walilinganisha ramani za miti na ramani za virutubisho katika maeneo matatu, moja Panama, la pili Colombia na la tatu Ecuador. Walikuta kwamba kati ya asilimia 36 na 51 ya aina za miti hazikutawanyika ovyo, bali zilifuata namna virutubisho vilivyosambaa. Mwaka 2013 Richard Condit na wenzake walichunguza aina 550 katika sehemu mbalimbali za Panama. Fosforasi ilikuwa na athari kubwa kwa zaidi ya nusu ya aina hizo. Lakini hazikuelekea upande mmoja. Kuna aina zinazostawi penye fosforasi nyingi, na kuna nyingine ambazo makao yao ni pale penye uhaba. Maskini wa msitu huo si kwamba wamefukuzwa kwenye neema wakaangukia kwenye dhiki. Wameumbwa kwa ajili ya dhiki, na humo ndimo wanamowashinda matajiri.

Isitoshe, hata pale miti inaposimama bega kwa bega katika udongo ule ule, yamkini hailipigani donge moja. Mwaka 2008 Benjamin Turner, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Panama, alitoa wazo kwamba miti huigawana fosforasi kwa kuila katika sura zake mbalimbali. Maana fosforasi ya udongoni si kitu cha namna moja. Ipo iliyoyeyuka katika maji, tayari kunywewa. Ipo iliyofungwa ndani ya mabaki ya viumbe, ambayo mzizi au kuvu hauwezi kuipata bila kutoa vimeng'enya vya kuifungua. Nayo imepangika kwa daraja, kutoka ile rahisi hadi ile ngumu ambayo kuifungua kunagharimu nguvu nyingi. Ni kama sufuria ya ugali inapowekwa mbele ya watu wenye mazoea tofauti: huyu anamega ugali wenyewe, yule anakwangua ukoko, na wa tatu ameridhika na mfupa ambao wenzake wameutupa. Majaribio ya miche ya miti ya milimani huko Panama, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba kweli aina mbalimbali hazina uwezo sawa wa kuzila sura hizo za fosforasi.

Huku ndiko kugawana. Hapana kikao kilichoitishwa, wala mzee wa kijiji aliyekata mafungu. Kila aina inatwaa kile ambacho maumbile yake yanaiwezesha kukitwaa, na kwa kuwa maumbile yanatofautiana, pana nafasi ya wengi. Wingi wa aina ndio unaofanya kilichopo kitoshe, au angalau kisigombaniwe na wote kwa mara moja.

Je, nyuzi za kuvu nilizozisifu sana katika kifungu changu zina kazi gani? Kazi yao ni kubwa, ila si ile niliyowapa. Fosforasi haitembei sana udongoni. Mzizi ukishaimaliza ile iliyo jirani, hubaki ukilamba sahani tupu. Hapo ndipo kuvu inapohitajika. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko mzizi wowote, nazo hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikaileta fosforasi na kuukabidhi mti. Mti nao huilipa kuvu kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Ushirika huu wa mzizi na kuvu wataalamu huuita maikoriza, na miti iliyo mingi ya misitu ya tropiki huutegemea. Katika miti hiyo mingi, kuvu huingia hata ndani ya seli za mzizi. Kiswahili kinacho kitenzi kwa ajili ya jambo hili, nacho ni kubadilishana. Kuvu ni mlaji ndani ya mwili wa mti, lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Naitrojeni ina njia yake. Wanafunzi wanajua kwamba mimea mingi ya jamii ya kunde hubeba vinundu mizizini, na kwamba bakteria waishio humo hunasa naitrojeni ya hewani. Miti pia imo katika jamii hiyo; mmojawapo ni murembe, ambao kwetu Magharibi unaheshimiwa kama mti wa amani. Mwaka 2013 Sarah Batterman na wenzake walieleza walivyopima misitu ya Panama inayoota upya katika ardhi iliyowahi kufyekwa. Miti yenye vinundu ilikua kwa kasi hadi mara tisa kuliko jirani zake wasio navyo, na ikaleta sehemu kubwa ya naitrojeni iliyohitajika na msitu mchanga katika miaka 12 ya mwanzo. Je, miti hiyo iliwagawia wenzake? La. Iliangusha majani, mizizi yake mingine ikafa, vyote vikaoza, na kila aliyekuwa na mzizi karibu akajitwalia. Neema ilifika kwa jirani, ila haikutumwa.

Na ile miche iliyokufa miguuni pa mama yake? Jibu la kijana yule lilikuwa limeandikwa kabla mimi sijazaliwa. Mwaka 1970 Daniel Janzen, na mwaka 1971 Joseph Connell, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba wadudu na maradhi waliozoea aina fulani ya mti hukusanyika pale mti huo ulipo. Mbegu zikianguka kwa wingi chini ya mzazi, huanguka mdomoni mwa adui. Ukiongeza na kivuli, miche michache sana huokoka. Mbegu iliyobebwa mbali na ndege au nyani ndiyo yenye bahati. Nafasi iliyoachwa wazi chini ya mama huchukuliwa na mtoto wa mti mwingine, na hii nayo ni sababu mojawapo ya kuwapo aina nyingi katika msitu mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa ameona kwa macho yake kile ambacho mwandishi wa kifungu hakukiona.

Lakini haki itendeke. Je, hakuna mahali ambapo miti ya tropiki hukaribia kugawiana? Huenda pako. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa kwa lahaja ya huko, kuna mti mkubwa uitwao mbau. Pale mbau inapotawala, inaweza kufika miti tisa katika kila miti kumi mikubwa. Terese Hart na wenzake, waliouchunguza msitu huo tangu miaka ya 1980, hawakukuta tofauti ya udongo inayotosha kueleza utawala huo. Mbau ina kuvu ya namna nyingine, inayoivika ncha za mizizi kama soksi. Ina pia mbegu kubwa zenye akiba, kivuli kizito, na majani yanayooza polepole yakajaa chini. Huko Guyana, Krista McGuire alichunguza mti mwingine wenye tabia kama hizo, na mwaka 2007 akaripoti kwamba miche iliyoachwa iungane na nyuzi za kuvu za miti mikubwa ilikua na kuokoka vizuri zaidi kuliko ile iliyozuiwa.

Basi hapo pana dalili ya wakubwa kuwafaa wadogo, ingawa yawezekana kwamba wadogo wanarithi tu mtandao waliokuta umekwisha kujengwa. Lakini angalia matokeo yake, msomaji. Pale ukoo mmoja unapofaana hivyo kwa ndani, koo nyingine hukosa pa kusimama, na msitu hubaki na aina chache. Ningekuwa nimeyajua haya wakati ule, nisingethubutu kuwauliza watoto somo la upendo. Mmoja wao angeweza kunijibu kwamba miti inatufunza ukabila.

Habari ya miti kupelekeana chakula ilianza kuvuma mwaka 1997, Suzanne Simard na wenzake walipoonyesha katika msitu wa Kanada kwamba kaboni ilihama kati ya miti ya aina mbili tofauti. Ulikuwa utafiti halali wa nchi ya baridi. Sisi waandishi ndio tulioupeleka kila mahali, hadi tropiki, na kuuvika vazi la mama. Mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walipitia upya ushahidi wote uliopo. Jones alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ile ya 1997. Hawakusema kwamba mitandao ya kuvu haipo. Walisema kwamba madai yaliyoenezwa, hasa yale ya miti mikubwa kuilisha midogo msituni, yameutangulia ushahidi kwa mbali. Wanasayansi hao walirudi wakaipima kauli ambayo mmoja wao alichangia kuianzisha. Sisi wa lugha tungeshindwaje kurudi kwa kauli zetu?

Baadhi ya wenzangu wataniambia kwamba ninazua jambo kubwa kutokana na irabu moja. Nami nawajibu kwamba irabu hiyo iligharimu shamba. Mtu akifundishwa kwamba msitu ni mama atoaye kwa huruma, ataamini kwamba utatoa tu, hata ukikatwa, maana mama hamnyimi mwana. Akifundishwa kwamba msitu una udongo tajiri, atakata apate utajiri. Lakini akijua kwamba mali ya msitu haiko mahali pamoja, kwamba imo katika mzunguko wa mamia ya walaji wanaotofautiana, atasita kabla ya kuinua shoka. Ataelewa kwamba kuondoa aina moja ni kuondoa namna moja ya kula, na kuondoa miti yote ni kuuvunja mzunguko wenyewe.

Kifungu changu nimekiandika upya. Nimeyaacha mafumbo kadhaa, kwa kuwa sitaki wanafunzi wanyimwe ladha ya lugha. Ila kila fumbo nimelipima, na akina mama wanaonyonyesha nimewatoa. Lile swali la upendo nimelifuta, na mahali pake nimeweka swali la yule kijana, kama alivyoliuliza: mbona miche ile imekufa? Nilimpelekea mwalimu wake nakala. Akanirudishia ikiwa na masahihisho mawili ya wino mwekundu, yote ya haki.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu wa Kiswahili ni mfupi. Mnapoandika au kuteua kifungu chenye habari za sayansi, mpeni mwenzenu wa sayansi akisome kabla ya wanafunzi. Nanyi wanafunzi, mkiona jambo kwa macho yenu linalopingana na kitabu, ulizeni, hata kama aliyekiandika anaitwa daktari.

Lile shamba la baba sasa analima ndugu yangu mdogo. Hachomi tena mabua, huyarudisha ardhini. Hupanda maharagwe kati ya mahindi, na penye mpaka ameuacha murembe uliojiotea. Mahindi yake hayamzidi kimo kama yale ya mwaka wa kwanza wa baba. Lakini yamebaki kijani hadi kukomaa, na jirani yetu tumeanza kusalimiana naye.